Shingo imekaza, taya linauma: mpira, vidole au kunyoosha?

Sindano_na_Uzi
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nashinda nimeinama toka asubuhi. Ikifika jioni kisogo kinakaza, maumivu yanapanda hadi panja la kulia, na nikiamka taya limechoka kama nililala natafuna muwa. Mume wangu anasema nasaga meno usiku. Presha na macho nimepima, viko sawa. Kuna anayeniambia nijikande kwa vidole, mwingine mpira wa tenisi, mwingine ninyooshe shingo. Nina dakika kumi tu kabla ya kulala. Nianze na kipi?

Dereva_Masafa
Mpira, dada. Mimi natia miwili ndani ya soksi, napiga fundo isiachane, nalala chali na kuiweka pale fuvu linapoishia, mmoja kulia mmoja kushoto, uti wa mgongo ukae katikati. Hamna kusukuma. Kichwa chenyewe ni kilo nne tano, kinatosha. Dakika mbili basi. Nikishapanda Kitonga na mzigo, shingo inakuwa ubao, na hii ndiyo dawa yangu.

Chapati_Mbili
Kwa kisogo sawa, ila huo mpira taya utalifikiaje? Weka vidole viwili shavuni, juu kidogo ya pembe ya taya, halafu uma meno. Kinachotuna hapo ndicho kinachokusumbua. Sasa legeza meno, teremsha vidole taratibu kuelekea chini, mara tano sita. Taratibu! Mimi nilikandamiza kwa hasira, kesho yake hata chai nilikunywa kwa upande mmoja. Daktari wa meno alinicheka, akanifundisha: midomo ifungwe, ulimi ugusane na kaakaa, meno yasigusane. Nikaja kujikagua ndani ya daladala, kumbe nimeyabana toka kituoni.

Mnyoosha_Viungo
Nafanya fiziotherapia. Dada, kabla ya kuchagua, bana kwa vidole ile nyama ya juu ya bega la kulia, kati ya shingo na bega, uishikilie kidogo. Maumivu yakipanda hadi panjani, basi panja linasingiziwa tu. Daktari Janet Travell, yule aliyemtibu Rais Kennedy mgongo, alichora ramani za maumivu yanayohama hivi.

Ikiwa ni bega, kunyoosha kunashinda mpira. Kaa kitini, mkono wa kulia ushike ukingo wa kiti, inamisha kichwa kushoto kisha tazama kwapa la kushoto. Sekunde 20 hadi 30, mara tatu. Tangulia na taulo la maji ya moto. Mbele ya shingo, panapodunda mapigo, usikande kabisa.

Na vidonge vya maumivu je? Ukivimeza siku kumi na zaidi kwa mwezi, vingine vyenyewe huleta maumivu ya kichwa. Kichwa kikilipuka ghafla, shingo kukaza pamoja na homa, au mkono kufa ganzi, hapo hamna cha taulo, ni hospitali.

Babu_Kahawa
Mnamkanda binti wa watu na hamjamuuliza meza yake ina urefu gani.

Sindano_na_Uzi
Shikamoo babu. Nimerudi baada ya siku nane. Nilibana bega, maumivu yakaruka mpaka panjani, nikashtuka! Basi usiku ni taulo, kunyoosha, halafu taya kwa vidole. Mipira nililala nayo mara mbili nikaona kizunguzungu, nikaacha.

Mnyoosha_Viungo
Vizuri kuacha. Kizunguzungu kikirudi hata bila mipira, nenda ukapimwe.

Sindano_na_Uzi
Sawa, hakijarudi. Panja limetulia, taya bado bado. Na babu, meza ilikuwa fupi kweli. Nimeiinua kwa matofali, na kiti pia, ila sasa miguu haifiki vizuri kwenye pedeli.

Babu_Kahawa
Marahaba. Tofali moja lihamishie chini ya pedeli.

Dereva_Masafa
Mipira iliyobaki unaiuza?