Nipo Accra, nataka kujipikia vya huku bila mafuta mengi, nianze na vyombo gani?

Mgeni_Accra
Wakuu habari zenu. Nimehamia Accra kikazi, naishi peke yangu, nina jiko la gesi la mafiga mawili na kabati moja tu. Chakula cha huku nakipenda sana ila ukila nje mchuzi unaelea mafuta, na jollof, ule wali wao wa nyanya, vidonge vya supu vimejaa mpaka usiku unaamka kutafuta maji, na kwetu presha ni ya ukoo kwahiyo bora nijipikie. Sasa jirani kanipa list ya vyombo ndeefu, blenda, presha kuka, asanka, mpaka mashine ya fufu, ule ugali wao wa muhogo na ndizi wa kutwanga. Kipi cha lazima? Na mawese niachane nayo kabisa?

binti_wa_Tema
Karibu kaka. Asanka nunua hata leo, lile bakuli la udongo lenye mikwaruzo ndani na kamchi kake ka mbao kaliobonyea katikati, soko la Makola zimejaa. Unasagia humo pilipili, kitunguu, nyanya na chumvi kidogo, unakulia humohumo na kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kuchoma, tone la mafuta hakuna. Ila ikiwa mpya isugue kwanza, loweka, saga vitu vya kutupa mara kadhaa maana mchanga hutoka.
Zaidi ya hapo ni sufuria moja ya kitako kizito, chujio, kisu kikali na mwiko mgumu, banku, ugali wa mahindi na muhogo uliochachushwa, na mwiko laini ni kujitesa. Blenda ikipatikana sawa. Mashine ya fufu mtu mmoja ya nini jamani, si kuna unga wake.
Anza na light soup, ule mchuzi mwepesi. Nyama au samaki unachemsha na kitunguu na tangawizi, nyanya na pilipili unazitia nzima humohumo, zikilainika unazitoa, unasaga, unachuja na kurudisha sufuriani. Haiwekwi mafuta kabisa, na watu wanaila na fufu miaka yote.

fundi_vyombo
Hapo kwenye sufuria nzito ngoja niongezee. Zile za kumiminwa mtaani, dadesen, nyingi zinayeyushwa kutoka vyuma chakavu na zinaweza kuachia madini ya risasi kwenye chakula, hasa ukipikia kitu chenye ukali kama nyanya, na michuzi ya huku mingi ni nyanya. Kama mfuko unaruhusu chukua ya stenlesi. Najua watu watabisha kwamba bibi zao walipikia hizo.

binti_wa_Tema
Bibi yangu anapikia hiyo mpaka kesho 😂 ila kwa anayeanza upya sawa, anunue stenlesi.

Oga_Mdogo
Mkuu mawese usiache, pima tu kwa kijiko badala ya kumimina toka chupani. Karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda ndio maana yanahitaji kiasi, ila ule wekundu ni karotini na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Sisi huku Lagos wapo wanaoyachoma mpaka wekundu unapotea, nyumba nzima moshi, eti ofada stew, mchuzi wa pilipili wa kulia wali wa ofada, bila hivyo hainogi, na kweli ni tamu sikatai, ila karotini ndio imeshakwenda.
Ukitaka kunde achana na akara za kuzamisha kwenye mafuta, pika moin moin, ni rojo lilelile. Loweka kunde, sugua maganda yatoke, saga na kitunguu na pilipili hoho nyekundu, mafuta kijiko kimoja au viwili, mimina kwenye vikombe vya bati, panga kwenye sufuria yenye maji kidogo, funika vizuri, kama dakika 45 hadi saa. Kisu kikitoka kisafi imeiva.

Mgeni_Accra
Asanteni sana. Na hivyo vidonge vya supu nikiviacha ladha itatoka wapi?

binti_wa_Tema
Dawadawa kaka, zile mbegu zilizochachushwa, na unga wa kamba wakavu au samaki wa moshi. Dawadawa inanuka haswa, ifunge kwenye chupa yenye mfuniko la sivyo kabati lako lote limekwisha. Ikishachemka kwenye mchuzi harufu inatulia. Samaki wa moshi angalia kama ametiwa chumvi, akiwa nayo usiongeze nyingine.