Kikundi cha familia: mlango wa kioo wa Rehema, Kigamboni

Rehema: Shikamooni wakubwa wote, na wadogo hamjambo. Jamani nyumba imefika usawa wa lenta, ile bimu ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, fundi anauliza ule ukuta wa sebuleni unaotazama bustani aache nafasi kiasi gani, mi pale nataka ile milango ya kioo ya kukunja, ile inajikunja yote inakaa pembeni sebule na bustani vinakuwa kitu kimoja. Nafasi ni mita 3.6 kwa kimo cha 2.4. Naombeni mawazo kabla hajamwaga zege

Rehema: [Picha]

Shangazi Mwajuma: Marahaba mama. MashaAllah imepanda haraka. Huo upande wenye mwembe ndo bustani?

Rehema: Ndio shangazi, kusini. Mwembe nimekataa usikatwe

Baba Mdogo Salum: Marahaba mwanangu, na hongera, kufika lenta si mchezo. Umeuliza wakati mzuri sana maana watu wengi wanauliza habari ya mlango nyumba imeshapakwa rangi. Mwambie fundi asimamishe hapo hapo upande huo, asimwage kitu mpaka tuelewane. Hamisi yuko wapi? Hamisi ndo kazi yake hii

Mjomba Idi: Mi naona usijisumbue, weka slaidi. Ya slaidi bei ndogo, vyuma vichache vya kuharibika, neti inakaa vizuri. Za kukunja zina bawaba nyingi mno kila moja inataka kuangaliwa

Rehema: Mjomba hiyo nimeifikiria kweli, ila slaidi ya mabawa mawili inafunguka nusu tu, kwenye 3.6 napata 1.8. Mi shida yangu ni siku za watu. Hitima ya baba tuliifanyia kwa jirani kwa sababu kwetu watu walikuwa wanabanana mlangoni wengine ndani wengine nje hawasikii kinachosomwa. Nataka mkeka uanze sebuleni uishie chini ya mwembe. Halafu kuna Bibi

Shangazi Mwajuma: Bibi ndo muhimu kuliko yote hapo

Rehema: Bibi saa hizi anatembelea kiti cha matairi, kila akitaka kutoka nje lazima watu wawili wainue kiti kwenye kizingiti, na yeye hapendi kusumbua watu kwa hiyo anasema tu hataki kutoka. Nataka atoke mwenyewe, asukume kiti chake mpaka kwenye mpilipili wake bila kumwita mtu

Zuhura: 😭❤️ dada hilo liwe sharti la kwanza, mengine yafuate

Hamisi: Shikamooni, nilikuwa juu ya ngazi. Nipo. Dada Rehema kwanza ngoja nikueleze kitu kimoja ndo tuendelee, milango ya kukunja iko ya aina mbili, kuna inayoning'inia juu, uzito wote unabebwa na reli ya juu chini kuna kijireli chembamba cha kuiongoza tu isipepee, na kuna inayokaa chini, magurudumu yanabeba uzito kwenye reli ya chini. Ukishajua unataka ipi ndo unajua lenta iweje. Sio kinyume chake

Rehema: Kwa Kigamboni ipi?

Hamisi: Kwako mchanga ni mwingi, unajua mwenyewe upepo wa kule. Reli ya chini inayobeba uzito ikijaa mchanga magurudumu yanakula reli, baada ya muda mlango unasukumwa na watu wawili. Ya kuning'inia mchanga hauisumbui sana. Na kijireli chake kinazama sakafuni, kiti cha Bibi kinapita juu bila kugonga. Mi ningeenda ya kuning'inia, ila hiyo lenta lazima iwe ya maana

Baba Mdogo Salum: Hapo sasa. Rehema sikiliza hesabu hii. Kioo, kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba. Ukichukua kioo cha milimita 8 ni kilo 20 kwa mita ya mraba. Bawa lako moja la sentimita 90 kwa mita 2.4 ni karibu kilo 43, mabawa manne ni zaidi ya kilo 170, hiyo bado aluminiamu yenyewe. Na uzito huo hautulii mahali pamoja, ukikunja mlango wote unahamia kona moja. Sasa lenta ya kawaida aliyozoea kumwaga juu ya dirisha la mita moja na nusu hapa haitoshi. Itapinda. Haitaanguka, itapinda kidogo tu katikati, milimita chache ambazo kwa macho huzioni, lakini mlango unaziona

Baba Mdogo Salum: Kuna nyumba moja Mbezi nilienda kuangalia, sitamtaja mtu, mlango mzuri wa gharama, mwaka wa pili mabawa ya katikati yakawa yanakwaruza chini. Wakamlaumu fundi aluminiamu, wakabadilisha magurudumu, wakapiga randa kizingiti. Mimi nikaweka kamba juu kutoka kona mpaka kona, zege lilikuwa limelala. Mlango haukuwa na kosa lolote

Rehema: Kwa hiyo nimwambie aongeze nondo?

Baba Mdogo Salum: Usimwambie nondo ngapi na mimi sikuambii kwa kukisia kwenye simu. Aliyekuchorea ramani ana injinia wake, mpelekee vitu vitatu, upana wa nafasi, uzito wa mlango, na maneno haya, mlango unaning'inia. Atakupa kimo cha bimu na nondo. Karatasi hiyo unampa fundi mkononi. Na magogo ya chini ya zege yasitolewe mapema kwa sababu eti wanayahitaji upande mwingine

Mjomba Idi: Hapo Salum umesema kweli, magogo hutolewa haraka sana siku hizi

Shangazi Mwajuma: Mnaongea zege mnaongea vyuma, mbu je? 2019 tulivyoteseka na dengi Dar nzima mmesahau? Na yule mbu wa dengi anauma mchana sio usiku. Ukuta mzima ukiwa wazi mchana kutwa si tunawakaribisha

Zuhura: Shangazi kweli kabisa, mi nililala wiki 2 mwaka ule

Hamisi: Kuna neti ya kukunja shangazi, ile ina mikunjo kama feni ya mkononi, inavutwa kutoka pembeni inafunga nafasi yote, ukimaliza inajirudi kwenye fremu yake. Ila lazima iagizwe pamoja na mlango maana inataka nafasi kwenye fremu, ukija kuiongeza baadaye inakaa vibaya. Mabawa yafunguke kwenda nje, neti ikae ndani. Na mabawa kwenda nje ni vizuri pia kwa sababu hayali nafasi ya sebule

Shangazi Mwajuma: Na mwizi?

Hamisi: Naja huko

Hamisi: Kioo. Kuna kioo cha tempa, kimechomwa kwenye tanuru kikapozwa ghafla, nguvu yake mara 4 hivi ya kioo cha kawaida na kikivunjika kinakuwa punje punje, hakikati mtu vibaya. Watoto wakikigonga ni salama. Lakini mwizi akikipiga pale pale kinamwagika chote anapita. Halafu kuna cha lamineti, vioo viwili vimebanwa katikati kuna karatasi ya plastiki, ukikipiga kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana, anaanza kazi ya kupiga na kupiga, kelele, mbwa wanabweka. Mi kwa nyumba yenye bustani ningeweka lamineti ambayo vioo vyake vyote viwili ni tempa. Ni ghali zaidi nakuambia mapema

Rehema: Na nikiambiwa ni tempa nitajuaje?

Hamisi: Kona ya kioo huwa kuna muhuri mdogo, umechorwa haufutiki kwa kucha. Halafu vaa miwani ya jua ile ya polaroidi ukitazame kioo kwa ubavu jua likiwa linakipiga, tempa utaiona ina madoa madoa kama kivuli cha majani. Kioo cha kawaida hakina. Na jambo lingine, tempa haikatwi tena ikishatoka kwenye tanuru, ukimkuta fundi anasema tutakipunguza hapa hapa saiti basi sio tempa

Zuhura: hii ya miwani sikuwahi kuijua 👏

Mjomba Idi: Na grili? Mimi bila grili silali

Rehema: Mjomba grili ile nzito ikiwa pale Bibi ataona bustani kupitia nondo. Nilikuwa nataka kitu kingine

Mjomba Idi: Mwanangu mi najua unachotaka ila unakaa na mama mzee na watoto. Kuna zile grili za kukunja zinavutwa usiku tu, mchana zinakaa pembeni. Fikiria

Baba Mdogo Salum: Idi ana hoja. Sio lazima uifunge leo, lakini mwambie fundi aache nafasi yake ukutani. Nafasi haina gharama

Rehema: Sawa hiyo nimeipokea. Usiku ivutwe mchana ipumzike

Shangazi Mwajuma: Mvua je? Kusini ndo kusi linakotokea, masika mvua inakuja imelala. Umesema kizingiti kiwe sawa na sakafu kwa ajili ya Mama, bibi yenu, maji yataingia mpaka kwenye zulia

Rehema: Hilo ndo linaninyima usingizi shangazi. Fundi wangu anataka kupandisha kizingiti sentimita 5 anasema bila hivyo hawajibiki

Hamisi: Fundi hajakosea, kizingiti kilichopanda kinazuia maji vizuri kuliko cha sawa, huo ndo ukweli. Ukitaka cha sawa lazima kazi ya kuzuia maji uihamishie mahali pengine. Mahali penyewe ni patatu, paa juu, sakafu ya nje, na mfereji

Baba Mdogo Salum: Veranda. Rehema veranda yako umeacha mita ngapi?

Rehema: Moja na robo

Baba Mdogo Salum: Ongeza ifike mbili. Mvua ya kusi inaingia kwa pembe, mita moja na robo inalowesha kioo kila siku ya masika. Mbili, na sakafu ya veranda iteremke kwenda bustanini, sentimita 2 kwa kila mita, kiti cha Bibi hakitaona mteremko huo ila maji yatauona. Na veranda hiyo hiyo inakusaidia jua. Desemba kwetu jua la mchana linapita upande wa kusini kidogo lakini liko juu sana, paa la mita mbili linakiweka kioo kivulini. Ungekuwa umeelekeza magharibi ningekukataza mlango wote huu, jua la saa kumi linaingia chini ya paa lolote

Hamisi: Na mbele ya mlango nje, mfereji mwembamba upana wa kiganja, juu yake wavu wa stenlesi ulio sawa na sakafu, matairi yapite juu. Matundu ya wavu yawe madogo na yakate njia ya tairi, tairi la mbele la kiti lile dogo lisije likanasa. Chini ya mfereji bomba liende mbali bustanini

Shangazi Mwajuma: Na mfereji huo usituamishe maji. Mbu wa dengi anataka maji kidogo tu masafi. Uwe na mteremko mpaka mwisho na wavu ufunguke usafishwe

Hamisi: Shangazi umemaliza, hiyo naiandika kwenye mchoro

Rehema: Bibi yupo hapa pembeni nimemsomea yote. [Ujumbe wa sauti 0:41]

Zuhura: Anasema mlango mmoja wa kutokea asubuhi? Sijasikia vizuri kuna kuku

Rehema: Anasema yeye hataki kila asubuhi ukuta mzima ufunguliwe ndo atoke, anataka mlango mmoja wa kufungua mwenyewe. Na kasema milango ya kukunja sio kitu kipya, maduka ya Darajani Unguja ya zamani yalikuwa na milango ya mbao ya kujikunja hivyo hivyo, asubuhi mwenye duka anaikunja pembeni duka lote linakuwa barazani

Shangazi Mwajuma: Kweli kabisa! Ile ya Kihindi. Mpaka leo ipo

Hamisi: Bibi kasema jambo kubwa. Mabawa manne usiyakunje yote upande mmoja, gawa matatu kushoto moja kulia. Hilo la kulia linakuwa mlango wa kawaida wenye kitasa, unafungua peke yake. Siku ya watu unakunja na yale matatu. Ila bawa la 90 ukitoa fremu na bawa lenyewe likifunguka, upenyo unabaki labda 80, pima kiti cha Bibi na mikono yake ikiwa kwenye magurudumu, vidole visikwaruze. Kama ni finyu tulifanye bawa hilo kubwa kidogo matatu yapungue. Kitasa kiwe cha mkono wa kushusha sio cha kuzungusha, na kikae chini kidogo

Rehema: Kiti ni 64 nimepima sasa hivi. Mikono anataka nafasi zaidi. Tufanye 100 hilo

Hamisi: 100 kwa moja, matatu yanagawana 260. Inakubali

Mjomba Idi: Rangi? Vijana wote wanaweka nyeusi

Hamisi: Nyeusi inapendeza ila inashika joto, aluminiamu inatanuka, mita 3.6 ikipata moto nyuzi 25 zaidi inaongezeka kama milimita 2, fundi asipoacha nafasi mlango unabana mchana unalegea usiku. Kivulini kwa veranda ya mita mbili si tatizo kubwa. La bahari ndo kubwa. Rangi iwe ya unga iliyochomwa kwenye oveni, na skrubu zote za stenlesi namba 316, sio 304, 316 ina molibdeni inavumilia chumvi. Wakitumia skrubu za chuma cha kawaida kwenye aluminiamu hapo Kigamboni, miezi michache unaona machozi ya kutu yanashuka kwenye fremu. Na uwe unaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, reli, bawaba, raba, kama unavyoosha gari

Zuhura: Maji ya kisima chenu si yana chumvi?

Rehema: Yana chumvi kidogo. Nitatumia ya tenki la mvua

Baba Mdogo Salum: Vizuri. Na dirisha la ukuta wa pili, wa kaskazini, lipo? Upepo ukiingia kusini usipopata pa kutokea unasimama mlangoni, utaishia kununua AC

Rehema: Lipo baba mdogo, la jikoni, naliongeza upana

Shangazi Mwajuma: Na kwenye kioo bandikeni alama usawa wa macho ya mtu mzima na usawa wa mtoto. Kioo kisafi watu wanakipiga na paji la uso

Rehema: Sawa shangazi. Hamisi njoo Jumamosi upime basi uniagizie kioo

Hamisi: Hapana dada. Jumamosi nakuja tukae na injinia kwa ajili ya bimu tu. Kioo sipimi mpaka lenta imekomaa, plasta imepigwa na sakafu ya mwisho imewekwa, maana tailizi na plasta zinakula nafasi. Siku hiyo napima upana juu, katikati na chini, kimo kushoto, katikati na kulia, nachukua kipimo kidogo. Mtu akikuomba advansi ya kioo leo usimpe

Rehema: Nimeelewa. Nimeshampigia fundi, upande wa kusini kasimamisha, anaendelea na vyumba vya nyuma

Baba Mdogo Salum: Jumamosi nakuja na mimi. Nakuja na kamba yangu na pima maji

Shangazi Mwajuma: Mi nitaleta chakula. Mama anataka nini?

Rehema: Anasema samaki wa kupaka na pilipili za kwake mwenyewe