Tupeane uzoefu: waliopanda sleji ya reindia usiku huko Aktiki, njooni mseme ukweli

BintiMpwapwa

Habari za jioni wakuu. Naishi Oslo, mwaka wa sita sasa. Mama yangu mzazi anakuja Januari, ndege yenyewe hajawahi kupanda, na mdogo wangu keshamjaza maneno kwamba huku kuna wanyama wa mapembe (ndio hao reindia, jamii ya kulungu wa nchi za baridi) wanaoburuta watu kwenye theluji usiku. Tangu hapo kila nikipiga simu, salamu haijaisha, "na wale wa mapembe vipi?"

Nimetazama safari za Tromsø, mji wa kaskazini kabisa mwa Norwe. Basi linawachukua mjini saa kumi na mbili jioni, mnafika kambini, mnalisha wanyama, mnazungushwa kwenye sleji (kigari kisicho na magurudumu, kinateleza tu), mnakula mchuzi ndani ya hema la Wasami (wenyeji wa asili wa huku kaskazini) wenye mifugo yao, mnapigiwa stori, na mbingu ikiwa safi mnaweza kuona ile mianga ya kijani. Saa nne mmerudi. Bei krona 1,800 kwa kichwa. Mama ana miaka 64 na goti la kulia linamsumbua.

Waliokwenda, hela inarudi? Ya kwenye matangazo nimeshayasoma, nataka ya kwenu.

Mzee wa Siti ya Dirishani

Krona 1,800 si zaidi ya laki nne za kwetu? Nipo hapa nasubiri mtu anishawishi. Kwa hela hiyo nina mbuzi watatu, na hawahitaji basi.

Kambale_Mkavu

Nilisoma Tromsø miaka miwili. Nimepanda mara mbili, zote kwa hela za wageni wangu, kwa hiyo sina sababu ya kuwapamba.

Naanza na la kuumiza: reindia wa watalii hakimbii. Zitoeni kichwani zile picha za katuni. Sleji saba au nane zinafuatana, kila mnyama kafungwa kamba kwenye sleji iliyo mbele yake, na yule wa kwanza kabisa anaongozwa na mtu anayetembea kwa miguu yake. Mwendo wa watu wanaorudi kutoka mazikoni. Robo saa mzunguko umeisha. Mgeni wangu wa kwanza alishuka akaniuliza, "Hapo tulikuwa tunapasha injini, eti?"

Ila sikilizeni. Taa za kambi zikishabaki nyuma watu wanajinyamazia wenyewe, ndipo unasikia tik, tik, tik. Nilidhani ni kwato zinagonga barafu. Mwongozaji akasema hapana, ni kano ya mguuni inateleza juu ya mfupa kila mnyama anapokanyaga, na mlio huo unasaidia kundi lisipotezane gizani au theluji inapoziba macho. Wanyama wanane, miguu thelathini na miwili, na hakuna sauti nyingine yoyote. Mimi mtoto wa Buguruni, sijawahi kukaa mahali ambapo hakuna spika ya mtu inayolia.

Halafu taa ya kichwani ya mwongozaji ikampiga mmoja usoni, macho yakarudisha mwanga wa bluu. Wakati wa joto yanarudisha rangi ya dhahabu. Kile kioo kilicho nyuma ya jicho kinabadilika na majira ili kunasa hako kamwanga kadogo ka msimu wa giza. Hilo sijaliona kwa mnyama mwingine.

NesiWaKaskazini

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Eldoret, nafanya kazi ya uuguzi huku Finland, na nilidhani baridi ya Eldoret imenipa cheti. Rovaniemi, Februari iliyopita, digrii 27 chini ya sifuri. Walitupatia ovaroli nzito na buti, nami ndani nimevaa jinzi ya kubana na soksi tatu za pamba. Usirudie kosa langu. Pamba ikishika jasho inageuka barafu, na soksi tatu zikijaa ndani ya buti damu haipiti. Kufika katikati ya msitu vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena. Vaa soksi moja nyembamba ya sufu, juu yake moja nzito ya sufu, na buti ibaki na nafasi ya kuchezesha vidole.

Kuna mambo hawawezi kukuandikia kwa sababu hawana nywele kama zetu. Kofia wanayokupa haiingii juu ya rasta nzito. Suka za kulala chini, ama ubebe kofia yako kubwa. Hereni za chuma zitoe kabla hujatoka nje. Yangu ilinishika sikio kama koleo. Usoni paka mafuta ya mgando, losheni yenye maji iache nyumbani. Simu yangu ilikuwa na asilimia 71, ikazima ndani ya dakika kumi, nikaificha kifuani ikafufuka.

Sasa kichekesho. Tukiwa porini mnyama wetu akasimama ghafla, msafara wote ukasimama. Kumbe anakojoa! Mwongozaji akatuambia reindia hawezi kukimbia huku anakojoa, na Wafini wa zamani walikuwa na kipimo cha umbali kinachoitwa poronkusema, yaani mkojo wa poro (poro ndilo jina lake kwa Kifini). Ni mwendo anaokwenda kabla ya kulazimika kusimama, kama kilomita saba na nusu.

Mzee wa Siti ya Dirishani

Saba na nusu halafu msafara wote unasimama bila mtu kununa! Sisi wa basi la Mwanza tunaomba kuchimba dawa tangu Morogoro, tunajibiwa "vumilieni, Dodoma hii hapa".

Bin Mkunazini

Assalaam alaykum. Nami nilikwenda Tromsø na mke wangu, mwezi wa Disemba. Kule tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi. Saa sita za mchana unauona weupe kama wa alfajiri, kisha kiza kinarudi. Suali langu la mwanzo lilikuwa la sala: maghribi ipi, na jua lenyewe halikutoka? Ndugu tuliowakuta pale wakatwambia wao wanafuata saa za Makka, nasi tukafuata.

Chakula. Hemani wanapika bidos, mchuzi wa nyama ya reindia kwa mbatata na karoti, unatokota juu ya moto katikati ya hema na harufu yake, wallahi, ya mchuzi wa harusini. Hatukuula kwa ajili ya uchinjaji. Nilikuwa nimewaandikia wiki moja kabla, wakatupikia supu ya mboga kwa sufuria mbali. Ukisubiri mpaka ufike ndipo useme, utaambulia kahawa na biskuti.

Ama hiyo mianga. Tumekaa juu ya sleji, mke wangu ananambia tazama, natazama naona kiwingu cha kijivu kama moshi wa jiko la jirani. Nikasema, ndiyo hii? Mtu wa sleji ya nyuma akaielekeza kamera yake, kwenye kioo kijani kibichi! Nikahisi nimepunjwa. Zikapita dakika tano hivi, kile kiwingu kikaanza kutikisika kama pazia lililopigwa na kusi, kikakunjuka kutoka mlima huu mpaka mlima ule, na sasa ukijani unauona kwa macho yako, na chini yake uzi wa waridi. Mke wangu akasahau nafsi yake akapiga mluzi. Yule Msami akageuka kumkataza kwa mkono: mianga haipigiwi mluzi, itakushukia ikuchukue. Mke wangu akanyamaza papo hapo. Bibi yake wa Makunduchi alimlea kwa maneno hayo hayo, mluzi wa usiku unaita wasioonekana.

Layioni wa Longido

Mnazungumza soksi na mianga, mimi nilikwenda kutazama mifugo. Nilifika Kautokeino, bara la kaskazini mwa Norwe, kwa mkutano wa wafugaji. Jioni moja mwenyeji wetu akatutoa kwa sleji, si ya watalii, ni yake. Ilikwenda mbio kuliko hiyo ya Kambale, nikashika mbao kwa mikono miwili.

Kitu cha kwanza nilichotazama ni sikio. Limekatwa! Pengo dogo huku, mkato wa mshazari kule. Nikamwonyesha, akacheka, akatoa kisu na kipande cha ubao akanichorea alama yake, ya baba yake na ya mtoto wake wa kike, kila mtu na yake. Ndama anazaliwa mwezi wa tano, majira ya joto wanamkusanya na mama yake, anakatwa alama ile ile aliyo nayo mwenye mama. Ng'ombe wetu nao tunawakata masikio. Hatukuwa na lugha moja, tulielewana kwa masikio ya mnyama.

Wanaovuta sleji kwa kawaida ni madume waliohasiwa. Kwa Kisami anaitwa heargi, na sisi tunalo neno, maksai, sijui kwa nini waongozaji wanahangaika kueleza. Kumfundisha ni kazi ya miaka. Na mapembe yasikudanganye: majike nao wanayo. Dume mzima huyaangusha baada ya msimu wa kupanda, baridi inapoanza, jike anabaki nayo mpaka karibu na kuzaa, na maksai naye anachelewa kuyaangusha. Kwa hiyo wale mnaowaona kwenye kadi za Krismasi na mapembe yao makubwa, ama ni mama zetu au ni maksai.

Jambo lililonikaa ni la malisho. Wakati wa baridi mnyama anafukua theluji kwa kwato, anakula kamea ka kijivu kanakotambaa ardhini. Theluji kavu hata ikiwa nene anaifukua. Lakini siku hizi joto linapanda katikati ya baridi, mvua inanyesha, kisha inaganda. Chini kunakuwa na bamba la barafu, mnyama ananusa chakula na hakifikii. Mimi nimetoka kwenye ukame, nimezika ng'ombe kwa kukosa mvua, na hapa yuko mwenzangu anailaani mvua. Tulinyamaza kidogo hapo.

Binti, nikuachie moja. Usimuulize Msami ana reindia wangapi. Ni kama kumuuliza mtu ana shilingi ngapi benki.

BintiMpwapwa

Shikamoo Layioni, hilo la mwisho nimelishika. Ila humjui mama yangu.

MamaFuraha_Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Finland na watoto tangu 2016, tulitokea kambini Uganda. Mwaka juzi nililipa kwa kampuni moja, jina nitaliacha. Tulikuwa watu kama arobaini. Tuligawanywa, kundi letu likasubiri nje saa nzima na watoto wanatetemeka. Kuzungushwa kwenyewe ilikuwa kama dakika saba, nilihesabu. Ndani ya hema kijana kavaa nguo nzuri za Kisami, mtoto wangu mkubwa akamuuliza neno kwa Kisami, maana shuleni walifundishwa salamu, kijana akakosa jibu. Kumbe si Msami, katoka nchi nyingine kabisa, ni kibarua cha msimu. Sina ubaya na kibarua, nasi tunavifanya. Lakini vazi la watu si yunifomu. Wasami wenyewe wanalilalamikia sana jambo hilo.

Kabla hujalipa, andika uulize: wanyama ni wa nani, na jioni moja mnachukua watu wangapi? Wenye mifugo yao wanajibu haraka. Wengine wanakuletea maneno mengi.

Kambale_Mkavu

Mama Furaha kasema kweli. Na kwa goti la mama: sleji iko chini sana, ni kama kukaa mkekani. Kukaa si tatizo, kuinuka ndiko. Waambie mapema.

Mzee wa Siti ya Dirishani

Naona kimya mwezi wa pili huu. Mleta uzi, mrejesho uko wapi? Mbuzi wangu bado sijawanunua.

BintiMpwapwa

MREJESHO. Samahanini wakuu, mama ameondoka juzi ndiyo nimepata nafasi.

Nilifuata ya Mama Furaha, nikaandika kwa watu wanne. Mmoja akajibu usiku ule ule, mistari miwili: wanyama ni wa familia yetu, watu wasizidi kumi na sita. Nikalipa hapo.

Siku ilikuwa digrii 14 chini ya sifuri, mawingu matupu. Mianga hatukuiona hata chembe, nasema mapema ili mtu asije akanilaumu. Mama alivalishwa ovaroli akaikubali, halafu akatoa kitenge kwenye mkoba akajifunga kiunoni juu yake. Nikaanza kumzuia, yule mama mwenye mifugo, naye mtu wa umri huo huo, akasema muache, na akamkaza fundo nyuma.

Kwenye kulisha ndiko nilikoamini kuwa mama hakuja kutalii. Sisi wengine tumenyoosha ndoo kwa woga, mapembe yanagonga ndoo ngwa ngwa ngwa, yeye kasogea ubavuni mwa mnyama, kavua glovu, kapitisha mkono chini ya shingo, kashika manyoya. "Huyu manyoya yake mazito, lakini mgongo unaonekana. Anapewa nini?" Nikatafsiri. Yule mama akaeleza kwamba baridi hii mvua imeganda, wanawaongezea chakula cha kununua. Mama akatikisa kichwa kama aliyepewa habari za msiba.

Sleji robo saa, kama mlivyosema. Mama aliwekwa ya kwanza, ngozi chini na blanketi juu. Mimi nyuma yake nilikuwa nasikia ile tik tik na naona tu kilemba chake kikiyumba gizani. Nilidhani kasinzia. Tulipofika akasema, "Huyu wa kwangu anachechemea kidogo, mguu wa nyuma wa kushoto. Waambie." Nikawaambia. Wakamulika tochi: donge la barafu limejikaza katikati ya kwato, wakalitoa. Kumwinua yeye mama ndiyo ilichukua watu watatu.

Hemani, bakuli la bidos mkononi, nikajua linakuja.

"Muulize ana wangapi."

"Mama, huku hawaulizwi."

"Muulize. Mimi simwibii."

Yule mama akataka kujua tunabishana nini. Nikamweleza huku uso unanichoma. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema, "Mwambie wapo huku na huku ya mti." Kisha akamgeukia: "Na yeye, ng'ombe wake wa Mpwapwa ni wangapi?"

Nikatafsiri. Mama akakoroga mchuzi wake taratibu, akapuliza kijiko.

"Mwambie wapo wapo."