Mikono ya gia niiweke wapi nikibadilisha usukani?

Swali

Ndugu zangu, baiskeli yangu ina usukani ulionyooka, gia 3 mbele na 8 nyuma, na breki za V (zile zenye mikono miwili mirefu inayobana rimu). Nikipita kilomita 40, kidole cha pete na kidole kidogo hufa ganzi, kwa kuwa viganja vyangu havina mahali pengine pa kushika. Nakusudia kufunga usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, ila sijui mikono ya gia (vijiti vya kubadilishia gia) iende wapi: kwenye ncha za usukani, kwenye bomba la chini la fremu, au iwe imeunganishwa na mikono ya breki?

Jibu la kwanza

Ndugu, anza na breki, maana hapo ndipo fedha hupotea. Mikono yako ya breki ya sasa ni ya bomba la milimita 22.2, ilhali usukani uliopinda una milimita 23.8 pale mikono inapofungwa, kwa hiyo haitaingia. Tena breki za V huhitaji waya uvutwe takribani mara mbili ya unavyovutwa na mikono ya kawaida ya usukani huo. Ukipachika hiyo ya kawaida, mkono utagusa usukani kabla mpira haujabana rimu sawasawa, na mteremkoni hilo ni jambo la kutisha. Ipo mikono iliyotengenezwa mahususi kwa breki za V, ambayo kwa kawaida haina gia ndani yake, hivyo njia ya kuunganisha inajiondoa yenyewe.

Mimi ningeweka gia kwenye ncha. Kiganja kikiwa kimeshika pembe ya chini, kidole kidogo na ukingo wa kiganja hutosha kuisukuma bila kuachia usukani. Mkono wa gia wa kulia hubofya gia moja moja. Wa kushoto kwa kawaida hauna mibofyo, nao ni uzuri wake, kwani mnyororo ukikwaruza mbele unausogeza kidogo tu na kelele inakwisha. Bomba la fremu lina waya mfupi na matatizo machache, lakini unaachia usukani kila unapobadilisha gia, na fremu nyingi za siku hizi hazina hata vishikizo vyake.

Jibu la pili

Nakubaliana kuhusu breki, ila ganzi ya vidole hivyo viwili hutokana na mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja, na usukani mpya hautaiondoa ikiwa uzito wote unaangukia viganjani. Yangu ilisababishwa na kiti kilichoinamia mbele: nilikuwa nateleza, nikijizuia kwa viganja safari nzima. Pima kiti kwanza. Kumbuka pia kwamba usukani uliopinda husogeza viganja mbele sana, hivyo huenda ukahitaji shingo ya usukani (kipande kinachouunganisha na fremu) iliyo fupi zaidi.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Nimeweka ubao bapa juu ya kiti, na pua yake kweli imeinama. Nimeisawazisha, na nitarudia kilomita zile zile 40 kabla ya kununua chochote.

Jibu la kwanza

Vizuri. Ukifikia hatua ya kufunga usukani mpya, ugeuze hadi mwisho kushoto na kulia kabla ya kukata waya na ganda lake, kwa sababu gia za kwenye ncha hula waya mrefu kuliko unavyodhani.