Mnawamaliza wasichana wa mita 800 na 1500 wakiwa na miaka 20, halafu mnasema "ameolewa, ameshiba pesa"

Wadau wa riadha, leo sina upole. Kila msimu ni hadithi ileile. Msichana wa kidato cha tatu anakimbia mita 800 kwa dakika 2:04 kwenye mashindano ya shule, mwezi unaofuata yuko kambini Iten, mji wa mazoezi huko milimani Kenya, na baada ya miaka mitatu humwoni hata kwenye mchujo wa taifa. Maelezo mnayo tayari: hana nidhamu, amepata mpenzi, ameshiba. Uongo mtupu. Ameunguzwa, na hatua zilizomuunguza zinajulikana moja baada ya nyingine.

Tuanze na uwanja wa Jumanne. Chukua msichana anayekimbia mita 1500 kwa dakika 4:15. Kasi yake ya mbio ni sekunde 68 kwa mzunguko wa mita 400. Programu inasema 400 mara 10, mapumziko sekunde 90, kwa hiyo anatakiwa kupita kwa 69 au 70, na ya kumi ifanane na ya kwanza. Lakini kocha ana kundi moja tu, la wanaume, na linapita kwa 64. Msichana anang'ang'ania mgongo wa mtu: 64, 65, 66, ya sita 71, ya tisa 75, mabega yamepanda hadi masikioni, mikono inakatiza kifua, nyayo zinapiga uwanja kama makofi. Kocha anashangilia, "ana roho huyu!" Roho ipi? Amekimbia mashindano siku ya mazoezi. Alhamisi anaingia kwenye fatleki (dakika moja kasi, dakika moja polepole) akiwa bado mzito, Jumamosi ni mbio ndefu ya vilima, na Jumanne inarudi kabla mwili haujajenga chochote. Dawa yake haihitaji hata senti: mpe kundi la wasichana, au mpe kijana mmoja wa kumvuta kwa 69 anayejua kutazama saa.

Wengine hukosea upande wa pili: wanamfanya mkimbiaji wa 800 kuwa mtu wa marathoni. Ni kweli kwamba karibu theluthi mbili ya nguvu ya 800 hutokana na oksijeni. Theluthi iliyobaki ndiyo inayoamua mita 150 za mwisho. Ukimpa kilomita 110 kwa wiki bila kasi, muda wake wa 400 unaharibika kutoka sekunde 54 hadi 56. Sasa piga hesabu: 800 ya 2:00 kwa kawaida ni mzunguko wa kwanza kwa 59 na wa pili kwa 61. Mwenye 54 anapita 59 akiwa na akiba ya sekunde tano, mwenye 56 ana tatu tu, na kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia ameshakwisha. Dawa yake ni mita 60 mara 6 kwa kasi kamili, mapumziko dakika 3, mara mbili kwa wiki kabla ya mazoezi mengine. Hilo nalo ni gumu?

Sasa chakula, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Kocha anamtazama msichana wa kilo 49 na kumwambia "umenenepa". Msichana anaanza kuruka chakula cha jioni. Muda mfupi anakimbia vizuri kweli, na hapo ndipo mtego ulipo, maana kocha anaona alikuwa sahihi. Kisha hedhi inakata. Kambini watu wanasema ni dalili kwamba "amekuwa fiti". Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, mwili unasema hauna nishati ya kutosha, na homoni inayolinda mifupa imeshuka. Baada ya hapo ni maumivu ya muundi yasiyoisha, mahali padogo pa kuguswa kwa kidole kimoja. Huo ni ufa wa mfupa. Anapakwa dawa ya kuchua, anaambiwa avumilie. Mifupa anayopaswa kuijenga kabla ya miaka 25 hataijenga akiwa na 30.

Na madini ya chuma. Zahanati inapima hemoglobini, yaani wingi wa damu, inakuta 13, inasema damu iko sawa. Hamjapima feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini! Akiba hiyo inaweza kuwa mikrogramu 12 kwa lita huku hemoglobini ikionekana nzuri, na kwa mkimbiaji chini ya 30 ni tatizo. Juu kule Iten, mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, mwili unataka chuma zaidi kwa sababu unatengeneza chembe nyekundu nyingi. Kisha mnampa vidonge na kikombe cha chai ya maziwa. Chai inazuia chuma kufyonzwa. Vidonge vinywewe na maji au chungwa, asubuhi au ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, kwa sababu saa tatu hadi sita baada ya kazi ngumu utumbo unafunga mlango. Chai isubiri saa moja au mbili, haitakimbia.

Akiumia goti, anatokea "daktari" wa duka la dawa na sindano. Tangu Januari 2022 sindano zote za kotikosteroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Mojawapo, triamcinolone, ikichomwa kwenye msuli inahitaji siku 60 kabla ya mbio. Nani kambini amemwambia? Akishikwa, anayefungiwa ni yeye, si aliyemchoma. Vivyo hivyo fomu ya mahali alipo, inayowaambia wapimaji wa dawa zilizokatazwa wamkute wapi kila siku: kijana wa ofisi ya meneja ndiye anayeijaza, msichana anakwenda kwao mazishini, ile dakika 60 aliyowaahidi wapimaji inapita bila yeye kuwepo. Makosa matatu ndani ya miezi 12 na msimu umekwenda, pengine miwili.

Mnapenda kumtaja Pamela Jelimo, Mkenya wa mita 800. Basi mtajeni vizuri. Mwaka 2008, akiwa na miaka 18 na katika msimu wake wa kwanza wa 800, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Beijing kwa 1:54.87, akakimbia 1:54.01 Zurich na kushinda dola milioni moja ya Golden League, mfululizo wa mashindano makubwa wa wakati huo. Hakurudi tena kwenye muda huo. Mkenya mwenzake Faith Kipyegon alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa 1500 mwaka 2012, lakini rekodi yake ya kwanza ya dunia, 3:49.11 kule Florence, ilikuja Juni 2023 akiwa na miaka 29. Akiwa na 31 akaishusha hadi 3:48.68. Miaka 11 ya kujenga. Mnataka matunda ya mwaka wa 11 katika mwaka wa kwanza kwa sababu meneja hawezi kuingojea asilimia 15 anayokata kwenye mapato yake.

Na hili la "akizaa amekwisha" mlizike leo. Kipyegon alijifungua Juni 2018, akarudi mashindanoni mwishoni mwa Juni 2019, akachukua fedha ya dunia Doha kwa 3:54.22, na baada ya hapo dhahabu za Olimpiki za Tokyo na Paris. Lilian Odira, mama wa watoto wawili, alishinda 800 ya dunia Tokyo 2025 kwa 1:54.62 na kufuta rekodi ya mashindano iliyokaa tangu 1983. Mwaka 2019, baada ya wanariadha kama Mmarekani Allyson Felix kulalamika hadharani, kampuni ya viatu ya Nike ililazimika kuweka kinga ya miezi 18 bila kukata malipo ya mwanamke mjamzito. Someni mikataba ya wasichana wenu mtafute kifungu hicho. Wengi wanasaini ukurasa wa mwisho tu, mume ambaye pia ni kocha akiwa amesimama pembeni, na akaunti ya benki na hati ya shamba vina jina la huyo mume. Mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na mumewe ndiye aliyeshtakiwa. Baada ya hapo bado kuna mtu anauliza kwa nini msichana awe na akaunti yake mwenyewe?

NYONGEZA: Kwa wanaouliza arudi lini baada ya kujifungua. Asikimbie kabla ya wiki 12, na aliyepasuliwa angoje zaidi. Kabla ya kuanza atembee dakika 30 bila maumivu, asimame mguu mmoja sekunde 10, aruke mguu mmoja mara 10 kila upande, akimbie papo hapo dakika moja. Mkojo ukivuja au akihisi uzito chini, arudi kwenye mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana mkojo, na aonwe na mtaalamu wa viungo. Akipita, aanze dakika moja kukimbia na mbili kutembea, mara 8, siku moja ndiyo, moja hapana. Viatu vya misumari visiguswe mpaka amekimbia dakika 40 mfululizo kwa wiki kadhaa. Na anayenyonyesha aongezewe chakula, asipunguziwe. Kocha atakayekuja hapa kubishana aje na daftari la mazoezi la msichana wake, tulisome pamoja.