Mrejesho: vilele vya Raman vilivyopandana, volti imevitenganisha

Wakubwa, niliuliza kutoka Bukavu jinsi ya kutofautisha rangi mbili kwenye maji ya bwawa la samaki, bluu ya methileni na violeti ya jentiani, maana kwa kipimo cha Raman (unamulika leza, unasoma mwanga unaotawanywa na molekuli), juu ya elektrodi ya madini ya fedha iliyokwaruzwa, zote hutoa kilele karibu na 1620 sm⁻¹ (mahali pake kwenye grafu). Aliyenijibu nicheze na volti ya hiyo elektrodi amepatia kabisa. Kwenye -0.4 V dhidi ya Ag/AgCl (elektrodi ya kulinganishia), bluu inapokea elektroni, inapauka, kilele chake kinanywea. Violeti imesimama tu. Rudisha 0 V, bluu inafufuka! Ila fukuzeni oksijeni kwanza kwa naitrojeni, la sivyo inairudishia bluu rangi yake. Hiyo ndiyo ilinitesa, ukiacha umeme wa mtaani kwetu. Kupima kiasi cha kila rangi bado, nitawasumbua tena.