Mrejesho: darubini kwenye Mauser 98 ya zamani

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kufunga darubini kwenye Mauser 98 ya kijeshi aliyoniachia mzee, bunduki ninayowindia. Kazi imekamilika, asanteni sana.

Aliyenisihi nisikimbilie keekee aliniokoa. Tulipoijaribisha darubini mahali pake, mkono wa bolti (kile chuma kinachosukumwa mbele na nyuma kuingiza risasi) uliinuka ukagonga mwili wa darubini kabla bolti haijafunguka. Na kile kibawa cha usalama, kinachozuia bunduki isifyatuke, kwa kuwa hupinduka kikipitia juu, nacho kikakwama palepale. Kumbe kutoboa matundu ya skrubu za darubini ndiyo yalikuwa kazi ndogo! Fundi bunduki aliukunja mkono wa bolti ukalala chini, akaweka kibawa kingine kinachosogea pembeni. Kile cha asili nimekihifadhi, sikitupi.

Chuma chenyewe ni kigumu juu: ncha ya kawaida ya keekee iliteleza tu ikaacha alama inayong'aa, ikabidi atumie ya kabaidi, iliyo ngumu zaidi. Skrubu za nyuma alizifupisha zisitokeze ndani zikaikwaruza bolti.

Nimeshailenga kwa mita 100. Risasi 3 zimekaa ndani ya kiganja changu, na nimefurahi mno. Skrubu nitazikagua tena baada ya risasi chache.